Mjomba, Mizinga Haiondoki Msimu Huu

Mjomba, shikamoo.

Mama amenifikishia ujumbe wako kwamba mizinga yangu ya nyuki iwe imeondoka shambani kabla mikorosho haijachanua. Alinieleza akiwa ameinamisha macho, na sikupenda kumwona dada yako mkubwa akitumwa namna ile, kwa hiyo jibu langu halitapitia kwake. Barazani kwako tulipokaa mara ya mwisho uliinuka kabla sijamaliza kusema, na simu zangu huzipokei. Ninaandika hapa kwa sababu najua binti yako husoma kila ninachoandika, na jioni atakusomea.

Kwanza hali ya nyuki, maana hata ukiwa na hasira huwa unaiulizia kwa watu. Mvua zilipokatika makundi yalikuwa yamedhoofika, kama ilivyo kawaida baada ya majuma mengi ambayo nyuki hawawezi kutoka na wanaishi kwa kula akiba. Kundi la mzinga wa gogo, ule uliokuwa karibu na mwembe, lilihama, na nondo wa nta wakayamaliza masega yaliyobaki. Mengine yamesimama imara. Sasa kusi inavuma, asubuhi za huku juu Newala zina baridi, na nyuki hawatoki mpaka jua liguse mlango wa mzinga. Lakini wakishatoka hurudi na chavua miguuni, na nilipofungua mzinga wa sanduku juzi jioni niliona majana, yaani watoto wa nyuki, yamelijaza sega kutoka ukingo hadi ukingo. Vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya hukiita kipindi hiki majira ya kuchipua na kukiweka kati ya Machi na Mei. Kwetu kinaangukia kipupwe, mkorosho unapotoa maua, na kazi zake ni zile zile: kuongeza nafasi kabla nyuki hawajabanana, na kukagua kingo za chini za masega kama kuna vyumba vya malkia vinavyoning'inia mfano wa maganda ya karanga, kwani vikionekana ujue kundi linajiandaa kugawanyika na sehemu kubwa ya nyuki wataondoka na malkia wa zamani. Nyaya za kutundikia mizinga nimezipaka grisi upya ili siafu wasipite. Nyegere hajafika mwaka huu, alhamdulillahi.

Mengi ya hayo unayajua kwa njia yako, Mjomba, kwa sababu kabla sijasoma kitabu chochote wewe ndiye uliyenipeleka bondeni ukanionyesha tundu la nyuki wadogo kwenye shina la mti. Nilitaka tuupasue ule mti tuchukue asali yote. Ukanikataza, ukachota kiasi cha kujaza kibuyu kidogo, ukaliziba tundu kwa udongo na kuacha kijitundu cha kupita nyuki, ukasema wenyewe wanatutaka tuwe na adabu. Mtu aliyenifundisha hivyo ndiye ninayemwandikia leo, na ndiyo sababu jambo la Agosti iliyopita limenikaa rohoni vibaya kuliko kama lingetendwa na jirani.

Vijana wako walifika na mashine za mgongoni saa nne asubuhi, jua limepanda na maua yamefunguka. Haikuwa salfa. Salfa sigombani nayo, kwa kuwa bila salfa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ungetuachia mashina matupu, na wapulizaji wake huamka alfajiri wakati majani yana umande na upepo umetulia, nyuki wakiwa bado ndani. Siku ile walikuja na dawa ya maji ya kuua mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, nao wakaipuliza juu ya maua yaliyokuwa yakivuma kwa nyuki. Nilikimbia kwenye mizinga nikakuta wanaorudi wanaanguka chini kabla ya kufika mlangoni. Walizunguka pale pale mavumbini wakishindwa kukunja mbawa, ndimi zimetoka nje, na baadhi yao bado walikuwa na chavua ya mkorosho miguuni. Waliofanikiwa kufika mlangoni walisukumwa nje na walinzi wa kundi lao wenyewe, kwa ile harufu ya dawa waliyokuja nayo. Nawe ukaja, mikono imefungwa nyuma, ukatazama kidogo, ukawasukumia udongo kwa ncha ya kandambili na kusema, "Watazaliwa wengine." Kisha ukaniomba maji ya kunywa ya vijana. Niliwapa maji.

Neno hilo nimelitafakari kwa muda mrefu na ninataka kulijibu kwa hesabu ambayo mfugaji yeyote ataithibitisha. Kutoka yai hadi nyuki kibarua kamili ni siku 21 hivi, na kwa nyuki wetu wa Afrika huweza kupungua kidogo. Akishatoka kwenye chumba chake haendi mauani siku hiyo. Kwa majuma mawili au matatu husafisha vyumba, hulisha majana, hujenga masega na kulinda mlango, ndipo hutoka kutafuta. Maana yake ni kwamba nyuki anayetua leo kwenye ua la mkorosho alikuwa yai zaidi ya mwezi mmoja uliopita. Ukiwaua watafutaji katikati ya maua, hata malkia akitaga mayai elfu moja na zaidi kwa siku, wa kuwarithi watakuwa tayari wakati maua yamekwisha kunyauka, na kabla ya hapo wa ndani watakuwa wamelazimika kutoka mapema na kuyaacha majana bila wa kuyalisha. Ndivyo kundi linavyokufa taratibu, huku mtu anayelipitia kwa mbali akiona bado kuna nyuki mlangoni.

Halafu tazama ua lenyewe. Kikonyo kimoja cha mkorosho hubeba mamia ya maua, mengi yakiwa madume, na ni machache yenye uwezo wa kushika korosho. Chavua yake inanata, haisafiri vizuri kwa upepo, inahitaji mdudu wa kuibeba. Sidai kwamba korosho zako ni kazi ya nyuki wangu; wapo nzi, wapo sisimizi, wapo nyigu, na nyuki wa porini hawana mwenyewe. Ninachosema ni kwamba dawa ya saa nne inawamaliza wote hao kwa pamoja, halafu mkusanyo ukiwa hafifu tunalaumu mvua na tunalaumu chama cha msingi.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kupuliza, pita kwenye machipukizi uone kama mbu wapo kweli na wako kwenye miti ipi, kwa sababu dawa hugharimu fedha na si kila mti unashambuliwa. Wakiwepo, vijana wapulize kuanzia saa kumi na mbili jioni, nyuki wakisharudi. Tena wavae vifaa vya kujikinga. Mwaka jana walijifunga vitambaa puani na mmoja alikohoa mpaka usiku, na huyo ni mtoto wa mtu. Ukiwa na shaka na maneno yangu, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wapo, nao wameishi na mkorosho kuliko mimi na wewe. Nenda ukawaulize, wala si lazima useme ni mimi niliyekutuma.

Ulisema kwenye kikao kwamba ninawanywesha wadudu maji ya kununua wakati watu wa huku wanahangaika na ndoo. Ni kweli kwamba ninaweka beseni lenye vijiti ili wasizame, na ni kweli kwamba maji huku juu yana bei. Lakini nyuki asiye na maji ya karibu atayatafuta kwenye ndoo ya mkaza mjomba uani, na hapo ndipo ungesikia kelele. Ulisema pia walimuuma mbuzi. Yule mbuzi alifungwa kamba chini ya mizinga na mtu aliyeiona mizinga, na mimi nimeitundika nyuma ya ua wa michongoma, milango ikielekea bondeni, mbali na njia ya watoto wa shule, kwa sababu nililifikiria jambo hilo kabla ya mtu yeyote kuniambia. Nikirina ninarina jioni, kwa moshi wa kutosha, na majirani hupelekewa taarifa. Asali yote huliwa na ndugu, na wewe umeshaila. Sikufuga ili nishindane na mikorosho yako. Nilipohamishiwa kufundisha hapa karibu na nyumbani, nyuki ndio walionirudisha shambani kwa bibi kila jioni, wakati wengine wa umri wangu wanalikumbuka shamba hilo msimu wa malipo tu.

Katika ukoo wetu neno lako ni zito, na ninajua kwamba ningekuwa na kesi ya kuoa au ya msiba ningekuja kwako kwanza kabla ya baba yangu. Uzito huo siupingi. Lakini shamba ni la bibi, mama ana sauti pale sawa na wewe, naye hajasema mizinga iondoke. Amesema tu kwamba umesema.

Kwa hiyo mizinga itabaki. Kama bado mtapuliza asubuhi, nitumie mtoto jioni ya kuamkia siku hiyo, hata bila salamu. Nitaziba milango kwa wavu kabla ya mapambazuko, nitafunika mizinga kwa magunia yaliyolowa, na nitaifungua mwenyewe dawa ikishakauka, kwa sababu joto la mchana likiwakuta wamefungiwa litawaua pia. Gharama ya magunia na maji ni yangu. Salfa ikihitaji mikono nitakuja alfajiri, kama nilivyokuja kila mwaka kabla ya huu.

Na lile neno ulilolisema mbele ya vijana huku ukiwafukia nyuki wangu kwa mguu, ujumbe uliopitia kwa mama hauwezi kunifanya nilisahau. Nitakuwa shambani kila siku baada ya vipindi. Njoo uniambie mwenyewe.

Mpwa wako.