Barua kwa somo yangu: maji kwanza, wembe baadaye

Ngamiani, Tanga
22 Juni 2025

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo sote, watoto wanakusalimu. Kusi imeshika, asubuhi kuna kaubaridi, nami kila nikinawa uso nakufikiria wewe huko Arusha mwezi huu wa Juni, unavyojinyoa kwa maji ya bomba saa kumi na moja alfajiri ili uwahi zamu.

Ile picha ya shingo yako ilinikosesha usingizi. Niliikuza kwenye simu nikaona vile vipele chini ya taya la kushoto, vingine vina usaha, na pale karibu na kikoromeo pameshaanza kuwa peusi. Nilivijua papo hapo, maana vilikaa shingoni kwangu miaka mitatu. Najua kazi ya mapokezi inataka uso safi, na najua ulivyohangaika hadi kuipata. Ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kukupigia. Mambo haya yanataka usome mara mbili, ikibidi uiegemeze barua kwenye kioo.

Kwanza, hiki kiwembe unachochangia na mwenzako wa chumbani. Acha leo hii. Simsemi vibaya mwenzako, simjui. Lakini kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili angalau siku 7, hata kwenye damu iliyokauka ambayo jicho halioni, na ngozi yako sasa hivi ina matundu kila mahali. Wembe hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Pili, usinunue ile mashine ya nyembe tano uliyoniambia, yenye vichwa vinne vya kubadilishia kwa shilingi 28,000. Sisemi hivyo kwa ajili ya bei tu, ingawa bei nitaifikia. Nasema kwa sababu ya ndevu zetu zilivyo.

Nywele zetu za kipilipili hazijasimama wima ndani ya ngozi. Zimepinda tangu kwenye shina. Wembe wa kwanza kati ya zile tano huunasa unywele na kuuvuta juu kidogo, unaofuata huukata ukiwa bado umevutwa, na wa tatu vivyo hivyo. Mashine ikishapita, unywele uliokatwa unarudi ndani, chini ya ngozi. Ukipitisha kiganja shavu linateleza, unafurahi. Siku ya pili, ya tatu, ile ncha iliyochongwa mshazari inaanza kukua, na kwa kuwa imepinda inalikosa tundu lake na kuchoma ngozi kutokea ndani. Nyingine hutoka nje vizuri, kisha hujikunja na kuingia tena pembeni. Mwili unauona unywele huo kama mwiba, unaanza kupambana nao. Hicho ndicho kipele, somo. Si uchafu wala damu mbaya, wala hakuna aliyekuonea kijicho kwa kazi mpya.

Kwa hiyo sisi tunahitaji wembe mmoja, unaokata usawa wa ngozi na kuishia hapo.

Ndani ya boksi nililokutumia utakuta mashine ya wembe, ile ya chuma ya kufungua na kutia wembe mwenyewe. Nimeinunua Kariakoo mwezi uliopita kwa shilingi 18,000, baada ya kupekua meza tatu. Ningekupa yangu, lakini hiyo ni ya marehemu mzee, siwezi kuachana nayo.

Unaikumbuka bakuli yake ya bati pale uani? Sisi tukisubiri atoke tuoge, yeye amekaa kwenye kigoda, kioo kimetundikwa msumarini, kitambaa cha maji ya moto kimemfunika uso mzima, anapumua polepole kama aliyelala. Tulidhani anachelewesha makusudi. Watu husema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, na husema hivyo kuonyana na balaa. Mzee aliuchukulia msemo huo kama maelekezo ya kazi. Alikuwa akituambia, "Tieni maji," basi, hakuongeza neno. Nilipokuja kuielewa maana yake alikuwa ameshafariki miaka minne.

Ilikuwa 2018, nilipokuwa nahamisha kasha lake. Mashine ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kanga, imeshika ukungu wa kijani kwenye maungio, na chini yake yamechongwa maandishi kwamba imetengenezwa Uingereza. Niliisugua kwa mswaki wa zamani, maji ya moto na sabuni hadi ikang'aa. Nikavuka barabara, nikanunua wembe wa kawaida dukani, huu ambao fundi cherehani anafumulia nao mishono na mama anatukatia kucha. Uliingia sawasawa! Vishikizo vilikaa kwenye matundu kana kwamba vimepimwa asubuhi ile. Mmarekani aitwaye King C. Gillette alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya mashine ya namna hii mwaka 1904, na hadi leo wembe wa dukani kwa Mpemba unaingia kwenye mashine iliyotengenezwa kabla hatujazaliwa. Wembe ni ule ule, kweli.

Sasa kunyoa kwenyewe. Usianze kesho. Kwanza acha vipele vipoe, wiki mbili au zaidi, bila wembe kugusa shingo. Zungumza na msimamizi wako, mwonyeshe shingo, usione haya. Kwa wiki hizo mwambie kinyozi akupunguze kwa mashine ya umeme, abakize kama milimita 1, na aisafishe mashine kwa spiriti mbele ya macho yako. Kila jioni weka kitambaa cha uvuguvugu dakika kumi. Unywele ukichungulia wenyewe, uinue kwa ncha ya sindano uliyoichemsha, uuache hapo. Usiung'oe, maana utaota tena na kurudi kuchoma palepale. Na usivikamue, nakuomba.

Siku ya kunyoa ikifika, oga kwanza. Kama hakuna maji ya moto, chemsha hata birika dogo, chovya kitambaa, ufunike ndevu dakika tatu. Unywele mkavu ni mgumu kama waya. Ukinywa maji unalainika na wembe unaupita bila kuvuta. Hapa ndipo penye kazi yote. Mtu anayenyoa kwa kukurupuka hata ukimpa mashine ya dhahabu atajichubua. Ukishalainisha, paka matone mawili ya mafuta ya nazi, kisha povu. Krimu ya kunyolea si lazima. Sabuni ya kuogea isiyo kali inatosha, ukiizungusha kwa brashi ndogo niliyokuwekea hadi povu liwe zito kama maziwa mgando. Sabuni ya mche ya kufulia usithubutu, inakausha ngozi.

Kabla ya povu lakini, fanya jambo moja. Pitisha kidole shavuni taratibu, juu na chini, kushoto na kulia. Upande unaoteleza ndiko ndevu zilikolala. Upande unaokwaruza ni kinyume. Utashangaa shingoni. Kwangu upande wa kulia zinashuka, upande wa kushoto zinalala kuelekea sikio, na chini ya kidevu kuna sehemu zinazunguka kama kisogo cha mtoto. Miaka yote nilikuwa nashusha wembe moja kwa moja huku nusu ya shingo naikata kinyume bila kujua. Chora ramani hiyo kwenye karatasi kama huwezi kuikumbuka.

Shika mpini karibu na mwisho wake, kwa vidole, si kwa ngumi. Laza kichwa cha mashine shavuni, mpini ukiwa umetoka nje kama tawi, halafu ushushe kidogokidogo hadi usikie wembe umeshika. Kusikia huko ni kwa masikio kweli: kuna sauti nyembamba, krrr, kama panzi kwenye majani makavu. Ukiisikia, ujue pembe ndiyo hiyo. Sauti ikipotea, umeinua au umelaza mno. Usikandamize hata kidogo. Chuma kina uzito wake, kiache kifanye kazi. Vile viwembe vya plastiki ni vyepesi, vinatuzoesha kukandamiza, na mkono wako utataka kufanya hivyohivyo siku za mwanzo. Uzuie. Nenda kwa mikato mifupi, kama upana wa vidole viwili, suuza, rudi tena.

Mikato yote ifuate ndevu zilivyolala. Mashavuni, ukitaka usafi zaidi, paka povu tena upite mara ya pili kwa ubavu. Shingoni ishia mara moja. Na usiivute ngozi kwa mkono mwingine kama wanavyofanya vinyozi, kwa sababu ngozi ikivutwa unywele unakatwa ukiwa juu, na ukiiachia unazama, tunarudi kulekule. Ukimaliza, ukipitisha kidole kwenda juu, utahisi vijincha kidogo. Viache! Mgeni aliyesimama mbele ya kaunta yako havioni. Mimi naamini uso wako utaonekana safi zaidi ukiwa na vijincha hivyo kuliko ukiwa umeteleza na shingo imejaa vipele, na hili ndilo gumu kulikubali, kwa kuwa tumezoea kupima kunyoa kwa kiganja.

Suuza kwa maji baridi. Kisha chukua kile kipande cheupe kama barafu, ni shabu, nimeitoa sokoni. Ilowanishe, ipitishe taratibu usoni. Itawasha kidogo pale ulipojikata na damu itakata. Subiri kidogo, suuza, jipanguse kwa kuligusisha taulo, usisugue, malizia na tone la mafuta. Manukato yenye spiriti baada ya kunyoa waachie wengine.

Wembe ukishatumika usiupanguse kwa kitambaa. Makali yanaharibika na vidole vinakatika. Legeza mashine, suuza, kung'uta, iache mahali pakavu nje ya bafu. Ukianza kusikia unavuta, badilisha. Mimi hubadilisha baada ya kunyoa mara tano. Zilizokwisha tumbukiza kwenye kopo la maziwa lililofungwa, ulilotoboa mfuniko wake kwa kisu. Kuna watu wanapekua taka kwa mikono mitupu ili wale, na kuna watoto.

Bei sasa. Hapa mtaani wembe mmoja ni shilingi 200. Zile 28,000 za vichwa vinne zinanunua nyembe 140. Kwa mara tano kila mmoja, ni kunyoa mara 700, karibu miaka miwili hata ukinyoa kila siku ya Mungu. Na wewe jaribu siku moja ndiyo, moja hapana, kama kazini watakuruhusu.

Nina neno moja jingine, na hili bado linaniuma. Nilipokuwa na vipele, duka moja la dawa liliniuzia krimu bila kuniuliza chochote. Wiki ya kwanza vilipungua, nikamsifu muuzaji. Mwezi wa pili shingo ikawa na mabaka meupe, ngozi nyembamba kama ya kitunguu, na vipele vikarudi kwa hasira. Ilikuwa na steroidi kali ndani, dawa ya kutuliza uvimbe. Dawa hizo zipo kwa kazi yake, daktari akikuandikia na kukupa siku za kuacha. Usijipake chochote cha kuambiwa na mtu dirishani. Vipele vikikataa kupoa, au yakianza makovu yanayovimba, panda gari hadi Moshi, hospitali ya KCMC. Wana kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha madaktari wa eneo hili zima. Si mbali na wewe.

Na kama ngozi yako itakataa wembe wowote, usiilazimishe. Jeshi la Marekani lenyewe, lenye amri kali za kunyoa, kwa miaka mingi lilikuwa likiwapa askari wenye tatizo hili karatasi ya daktari ya kuacha ndevu fupi, na wengi wao ni watu weusi kama sisi. Ukipata karatasi ya namna hiyo, mpelekee msimamizi wako kwa adabu. Mashine ya umeme ya milimita 1 itakutosha, nawe utabaki nadhifu.

Boksi linaondoka na basi la kesho asubuhi, risiti nitakupigia picha. Nyembe nimezifunga kwenye gazeti ndani ya soksi, ufungue taratibu. Kila Jumapili nitumie picha ya upande ule wa kushoto, mchana, dirishani, bila taa. Mama amesikia nakuandikia, anasema nikwambie uvae sweta.

Ni mimi,
somo yako