Elia, samaki wako amekauka kama dagaa

Pasua, Moshi
Jumapili usiku

Kaka Elia,

Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Sisi huku wazima, vumbi tu ndilo linatumaliza. Najua toka Pasaka sijakuandikia, na zile simu zako mbili niliziona. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Wale neoni sita, visamaki vya tangini ulivyonibebea kwenye ndoo ya rangi, wamebaki watano.

Mmoja nilimkuta Jumatatu asubuhi chini ya kochi, amekauka kama dagaa. Neema akauliza kama tumkaange. Nilicheka, halafu sikucheka tena siku ile. Nikaanza kutafuta mchawi: nikamsingizia paka wa jirani, nikayasingizia maji ya bomba. Kumbe mchawi nimemfunga mwenyewe kwa skrubu. Ni ile taa ya LED niliyokutambia. Unakumbuka ulichoniambia? "Mimea itafurahi, samaki je?" Nami nikakuona mshamba.

Sikiliza ilivyokuwa. Taa niliichomeka kwenye taima, ile ya kuzungusha yenye vijipini pembeni, iwake saa tisa alasiri na izime saa tano usiku. Alhamisi tukaenda msibani Kibosho hadi Jumapili jioni (Shayo atakusimulia mambo ya msiba ule, mimi siyawezi). Huku nyuma umeme ukakatika mara mbili, masaa manne, kisha matano. Taima ya namna hii haina betri. Umeme ukienda nayo inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Piga hesabu mwenyewe: iko nyuma masaa tisa. Asubuhi nakuta taa inawaka, nadhani Neema kaiwasha, naye anadhani ni mimi.

Usiku uliofuata nikaamka kunywa maji. Saa sita, nyumba giza totoro, samaki wametulia karibu na mchanga. Tak! Mwanga ukawaangukia wote kwa pamoja. Elia, walitawanyika kama mahindi kwenye kikaango. Mmoja alijigonga kioo nikamsikia. Kisha wakajibana nyuma ya chujio, ule mstari wao wa buluu umepauka hata huuoni. Na samaki hana kope, kaka. Sisi tukimulikwa na bodaboda tunafumba macho, yeye afumbe nini? Na tangi langu halikuwa na mfuniko, niliutoa ili taa ipendeze. Usiniseme, nimeshajisema.

Kwa hiyo nimebadilisha. Sasa nawasha kwanza balbu ya sebuleni au nafungua pazia, nasubiri kama nusu saa, ndipo taa ya tangi. Usiku kinyume chake: ya tangi inazimwa kwanza, ya sebuleni inabaki hadi wazoee giza. Taa yenyewe nimeipandisha kwenye vipande vya mbao, na chini yake nimetandika chandarua kilichopasuka, mikunjo miwili. Neema anasema samaki wetu wanakingwa malaria kuliko watoto. Lakini siku ya tatu tu walitoka nyuma ya chujio na rangi ikarudi. Nilisahau kwamba hawa kwao ni vijito vya Amazon, chini ya miti mikubwa, maji mengine rangi ya chai. Ule msitu wa Rau tulikokuwa tunatoroka shule, jua linavyopenya kidogo kidogo kwenye majani, ndiyo mwanga wao. Mimi nikawawekea uwanja wa mpira.

Tena hata hiyo mimea yenyewe haikufurahi. Anubiasi uliyonipa ilishikwa na madoa ya mwani juu ya majani, magumu, hayatoki kwa kidole. Inakua polepole mno, haina haja ya mwanga wote ule, basi mwani ndio uliokula karamu. Nimepunguza hadi masaa sita kwa siku, na nimeisogeza chini ya kigogo penye kivuli. Ile ya majani marefu kama utepe ndiyo nimeiacha katikati, yenyewe inapenda.

Ila bado yule wa chini ya kochi ananisumbua. Samaki wa kupewa ni kama mtoto wa kupewa, si ndiyo?

Sasa shida yangu. Naomba salvinia kidogo, yale majani ya kuelea, kiganja kimoja kinatosha, yaelee juu yapunguze ukali wa mwanga. Shayo anarudi huku Ijumaa, mpe kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. Yakizidi nitayaanika juani yakauke, sitayamwaga mto Karanga, najua yanavyovamia maji.

Halafu niambie: hayo masaa sita, nikiyagawa matatu mchana na matatu jioni nipate kuwaona nikitoka kazini, mimea italalamika? Taima yenye betri hapo Arusha unaipata duka gani? Fundi wako yule wa Kaloleni anaweza kunifungia kidude cha kupandisha mwanga polepole, au ataniunguzia LED? Watano wanatosha au kundi limekuwa dogo? Na ukiniletea wa sita, utanikabidhi kweli, au utataka kwanza kuuona mfuniko?

Ndugu yako,
Joni

Mfuniko nimeshaurudisha. Mwulize Shayo.