Risala ya Umoja wa Kwaya na Uinjilisti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sifa na Umisheni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mchungaji Kiongozi, wazee wa kanisa, wageni waalikwa na ndugu wote katika Kristo: Bwana Yesu asifiwe.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika siku hii, tukitambua kwamba majukumu yako ni mengi na kwamba ungeweza kumtuma mwakilishi, kama tulivyokwisha kuzoeshwa. Kufika kwako mwenyewe kumetutia moyo sana.

Umoja wetu ulianza kama kikundi kidogo cha waimbaji, ukakua, ukapata uongozi na katiba. Mengine yamo katika taarifa ya katibu, nasi hatutakuchosha nayo. Kwa neema ya Mungu mafanikio ni makubwa. Kwaya inaimba kwa sauti nne, mafunzo ya Zaburi yamekamilika, na tunathubutu kusema kwamba uinjilisti wetu umevuka mipaka ya nchi, kwa kuwa nyimbo tulizorekodi zimesikilizwa na ndugu walioko ughaibuni, ingawa wengi wao walikuwa wameokoka tayari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafunzo hayo ya Zaburi ndiyo yaliyozaa ombi letu la leo. Katika Zaburi ya 96 tuliona kwamba anayeamriwa kumwimbia Bwana wimbo mpya ndiye huyo huyo anayeamriwa kuwahubiri mataifa habari za utukufu wake, wala hakuna nafasi iliyoachwa kati ya amri hizo mbili ili kamati zikae kwanza. Isaya alisikia maserafi wakiitana, “Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu,” na katika njozi hiyo hiyo akasikia sauti ikiuliza, “Nimtume nani?” Wanafunzi walimsujudia Yesu mlimani Galilaya, baadhi yao wakiwa na shaka, ndipo wakaagizwa kwenda kwa mataifa yote.

Lakini andiko lililotukosesha usingizi ni Matendo ya Mitume sura ya 13. Kanisa la Antiokia lilikuwa katika ibada na kufunga Roho Mtakatifu aliposema, “Nitengeeni Barnaba na Sauli.” Waliwawekea mikono, wakawaacha waende zao. Sisi pia tumefunga, tumeomba, na vijana wetu wamewekewa mikono mbele ya kusanyiko hili; kisha wakarudi kwenye viti vyao, na mpaka leo wamekaa hapo, kwa sababu hakuna fungu la kuwasafirisha, la kuwafundisha lugha ya watu watakaowaendea, wala la kuzitunza familia watakazoziacha.

Wapo wanaotuambia kwamba kwaya ikiimba vizuri, watu watakuja wenyewe. Hatupingi, maana Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu asiyeamini anayeingia katika kusanyiko akaanguka na kumwabudu Mungu. Hata hivyo, Paulo huyo huyo aliwauliza Warumi, “Tena wahubirije, wasipopelekwa?” Wale ambao hawatapita kamwe mlangoni petu hawawezi kuvutwa na sauti nne.

Kwa unyenyekevu tunakumbusha kwamba ombi hili si jipya. Tunawashukuru wageni rasmi waliokutangulia kwa kinanda, spika na majoho. Ahadi za vyombo zilitimizwa zote, tena kwa wakati. Ahadi za kuwatuma watu zilipigiwa makofi zaidi, lakini zimebaki hapa jukwaani. Tuliambiwa tuandike andiko, tukaandika. Tukaambiwa limepokelewa, na kila tunapouliza tunajibiwa kwamba linafanyiwa kazi. Katika Mathayo sura ya 21 yupo mwana aliyemjibu baba yake, “Naenda, Bwana,” asiende. Tunaamini, Mheshimiwa, kwamba mfano huo haukuhusu.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja tu. Tunaomba uanzishe pamoja nasi mfuko wa umisheni, na utumie nafasi yako kulishawishi baraza la kanisa litenge sehemu maalumu ya sadaka ya kila ibada kwa ajili yake, ili fedha hizo zisingoje harambee wala hisani ya mgeni. Tusionekane tunaigeuza ibada kuwa mchango, kwani Wafilipi walipompelekea Paulo mahitaji yake, aliiita zawadi yao harufu ya manukato na sadaka yenye kibali, maneno ya madhabahuni kabisa. Wao waliabudu kwa kumgharamia aliyetumwa.

Tunaomba pia, bila kukosa adabu, kwamba ahadi utakayoitoa iandikwe na iwe na tarehe. Katibu ameandaa karatasi, na kwaya itaimba wimbo mmoja wakati unaisoma.

Tunaomba kuwasilisha.