Risala ya Klabu ya Waangalia Ndege kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa klabu na wote mliofika, karibuni sana, na mtusamehe kwa viatu, wengine tumetoka kwenye tope sasa hivi.

Sisi tunaangalia ndege wa majini kwenye ardhi oevu ya jirani, na watu wakisikia hivyo swali ni moja tu, eti mmeshaona bata gani adimu? Hao tunawapenda kwa kweli, ila kazi yenyewe ni kuhesabu bata wale wale wa kila siku, maana usipowajua hao kwa mdomo, kwa miguu na kwa lile baka la rangi kwenye bawa, mgeni akitua katikati yao unampita hivi hivi. Na si kila wa ajabu ni adimu, kuna chotara wa bata wa kufugwa, kuna waliotoroka kwa mtu, hapo ubishi kwenye grupu hauishi! Kwa hiyo asiye na picha wala maelezo aliyoandika pale pale, rekodi yake inasubiri.

Lakini wapo kweli. Bata mmoja wa Madagaska, mpiga mbizi wa kahawia, baada ya 1991 hakuonekana, ikadhaniwa kaisha kabisa, mwaka 2006 watafiti wakamkuta kwenye ziwa dogo kaskazini mwa kisiwa.

Halafu hesabu zina kazi yake. Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, una kigezo kwamba ardhi oevu ikibeba mara kwa mara asilimia 1 ya idadi yote ya kundi la ndege wa majini wa aina moja basi ina umuhimu wa kimataifa, sasa hiyo asilimia ataijuaje nani kama hakuna aliyehesabu?

Mgeni Rasmi, maombi ni mawili. Kwanza darubini kubwa ya miguu mitatu, hizi za mkononi zinatulazimisha kusogea na tukisogea wanaruka wote. Pili, na hili ndilo zito, utusaidie boti na mbwa wasiingie kwenye matete kipindi bata wanabadilisha manyoya, kwa sababu bata wengi hudondosha manyoya ya kurukia yote kwa mpigo, wiki kadhaa hawawezi kuruka, wanajificha humo humo, ukiwakurupusha hawana pa kwenda. Wale wanaorusha lokesheni za viota mtandaoni tutamalizana nao wenyewe.

Karibu uzungumze, ukimaliza twende ukingoni ukawaone, ila ile kofia nyekundu tutakuomba uiache hapa.