Wanangu wa mwambao wa Kigoma, wapeni watoto ndoana

Kwenu wanangu mnaolea watoto Kibirizi, Katonga, Ujiji na kote mwambaoni,

Salamu nyingi. Nawaandikia nikiwa babu wa wajukuu wanaokaa dawati moja na watoto wenu. Mara nyingi nasikia mzazi akimfokea mtoto aliyekutwa ziwani na mshipi: "Rudi nyumbani ukasome!" Mimi nasema huko ziwani nako anasoma, mradi mtu mzima yupo kando yake.

Mtazameni mtoto anayevua ngege, samaki wa jamii ya perege, kwa donge la ugali. Chambo kikiliwa mara mbili tatu bila samaki kunasa, anaanza kujihoji. Ndoana ni kubwa mno? Nimevuta mapema? Donge limelainika? Anabadili kitu kimoja, anatupa tena, anangoja aone. Hakuna aliyemwamuru afikiri hivyo. Njaa ya kupata samaki ndiyo inayomfundisha, na mwalimu wa sayansi atamshukuru.

Ziwa lenyewe lina mengi. Watoto wetu wanakariri kwamba Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 na kwamba ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Lakini waulizeni kwa nini dagaa huvuliwa usiku, wengi watanyamaza. Waelezeni. Vijidudu wanavyokula dagaa hupanda juu giza likiingia, dagaa huvifuata, na migebuka, samaki wakubwa wanaowala, huwafuata dagaa. Taa za wavuvi huwakusanya karibu na chombo. Mbalamwezi ikiwaka, taa hizo hazina nguvu, ndiyo maana wavuvi hupumzika siku zile. Mpeni mtoto daftari achore umbo la mwezi kila jioni, na asubuhi ya Jumamosi mwende naye mwaloni, vyombo vinaposhusha samaki, aone dagaa ni wengi au wachache, aulize na bei ya ndoo. Miezi miwili mitatu ikipita atakuwa na jedwali lake mwenyewe, na hesabu za wastani hazitamtisha tena.

Kuna jambo jingine ninalolipenda sana. Ngege jike hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na vifaranga hurudi humo humo hatari ikija. Mtoto aliyeambiwa hivyo huku ameshika ngege mkononi hahitaji hotuba ndefu kuhusu kurudisha samaki wachanga majini. Hata ile miezi 3 ya mwaka 2024, ziwa lilipofungwa lisivuliwe kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mngeweza kuwaeleza kwa njia hiyo. Nyumba nyingi ziliona shida ya kitoweo tu. Watoto hawakuambiwa kwamba samaki nao wanahitaji nafasi ya kuzaana.

Sasa nisikilizeni vizuri, nisije nikanukuliwa vibaya. Sisemi mtoto apandishwe chomboni usiku akavute nyavu. Hiyo ni kazi, tena ya hatari, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari. Wala sisemi aache shule kwa sababu dagaa wamepanda bei. Avue mchana, siku isiyo ya masomo, akiwa amesimama juu ya mawe, kwa sababu majini kuna kichocho. Midomo ya mito muiepuke kabisa, mamba wapo. Mshipi, ndoana moja, kipande cha madini ya risasi cha kuzamishia ndoana, na chambo vinatosha.

Mabinti pia. Wengi wao huishia kuanika na kugeuza dagaa wakati kaka zao wanashika mshipi. Mpeni binti naye ndoana, mwacheni aliseme jina la samaki aliyempata, ampime kwa rula, aandike.

Na ninyi wenye vyombo, akija mtoto kuomba nafasi ya kwenda kuvua usiku, mrudisheni kwao hata kama ni mwana wa ndugu yenu, hata kama mikono imepungua. Mwambieni mtakutana naye Jumamosi asubuhi, mumfundishe kufunga ndoana.

Babu yenu,
Ujiji