Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Heer na Ranjha Jukwaani

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kamati, mafunzo ya sauti na ziara za shuleni vilifanyika kama kawaida. Sitavirudia.

Nazungumzia mwisho wa mchezo wetu wa Heer na Ranjha, wapendanao wa hadithi ya kale ya Kipunjabi, maana maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaodai tumewanyima watazamaji ladu (kitamu cha Kihindi cha mviringo) yenye sumu: Heer anaila, Ranjha anamalizia kipande, wanakufa pamoja. Huo ndio mwisho uliozoeleka. Mshairi Waris Shah, aliyetunga utenzi wake wa Heer mwaka 1766, hakumaliza hivyo. Kwake, ukoo wa Sial, wa akina Heer, unamwahidi Ranjha ndoa, unamtuma kwao Takht Hazara akalete msafara wa harusi, na huku nyuma binti anapewa sumu. Ranjha anapata habari akiwa mbali, anakata roho. Mimi ndiye niliyeshikilia tufuate hivyo, na sijabadili msimamo. Ladu humtupia lawama zote Kaido, ami yake Heer anayeitia sumu; bila ladu, ukoo mzima unabeba damu ya binti yao, na vijana ukumbini walilielewa hilo bila kuelezwa. Tena ladu ya unga wa dengu hukausha koo, na Heer bado ana beti za kuimba. Waliotaka mwisho wa heri, kama wa Damodar, mshairi aliyeisimulia hadithi hii kabla ya Waris Shah, tuliwasikiliza. Lakini tulikwisha tangaza tanzia.

Kuhusu kupunguza beti za Waris Shah: ziko zaidi ya 600. Heer huimbwa kwa raga (mtindo wa sauti wa Kihindi) ya Bhairavi, polepole, bila ngoma kushika mapigo, kwa hiyo tuliacha beti 30 za kuimbwa na mengine yakawa mazungumzo. Tafsiri ya ukutani iendeshwe kwa mkono na mtu anayejua Kipunjabi, kwa kuwa mwimbaji hurudia mstari apendavyo. Filimbi ya mwanzi nayo hupanda sauti ikipata joto la taa, ilhali harmoniamu, kinanda cha viriba, haipandi. Mpigaji aipashe kwa pumzi ndipo ailinganishe.

Mahudhurio yanasikitisha. Msafara wa harusi ya Saida, mume ambaye Heer anaozwa kwa nguvu, ulihitaji watu 12. Mazoezini walikuja 5, na harusi ya watu 5 haimtishi Heer wala mtazamaji. Wanachama ni 58, waliolipa ada 21. Viingilio shilingi 312,000. Ukumbi, taa na mavazi 347,000. Pengo lilizibwa kwa mkopo niliouombea mwenyewe.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia Sohni na Mahiwal, hadithi ya binti anayezama mtoni chungu chake kibichi kinapoyeyuka, tukipata mfinyanzi wa kututengenezea vyungu vibichi vya kutosha, kimoja kwa kila onyesho. Ada zipokelewe na mhazini kabla ya hapo.

Mwenyekiti