Wasifu wa Injinia wetu ulisomwa nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, najua barua za misiba mnapata nyingi ila hii naomba isiishie kwenye kapu. Wiki chache zilizopita tumemzika mzee wetu mmoja huku Uru, Moshi, kihambani kwake katikati ya migomba kama desturi yetu ilivyo. Alikuwa injinia mstaafu wa reli. Jina silitaji maana mwenyewe alikuwa hapendi kutajwatajwa, na huku kila mtu alimwita Injinia tu, hata watoto wa chekechea, shikamoo Injinia, naye anaitikia marahaba, ile koki ya shuleni mmeifunga?

Sasa kilichoniuma ni wasifu wa marehemu. Ulisomwa kama dakika kumi hivi, shule alizosoma, vyeti, vyeo, aliingia reli ikiwa bado ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977, akahamishwa huku akahamishwa kule, akastaafu na miaka 60, halafu mara "akapumzika na familia yake hadi mauti yalipomkuta". Basi! Miaka ishirini yote imemezwa na neno akapumzika. Nikamgeukia mwenyekiti wa mfongo wetu, naye kumbe ananitazama mimi.

Kupumzika gani jamani. Huyu mzee kiinua mgongo chenyewe kilikuwa hakijatulia benki tayari yuko mtoni na gambuti anakagua banio.

Kwa wasomaji wasio wa huku, mfongo ni mfereji wa asili, maji unayachepusha juu mtoni halafu unayatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, kwenye kahawa na ndizi, kila ukoo na zamu yake. Wazee wa zamani waliichimba bila karatasi wala mashine, na Injinia alikuwa anasema hao ndio walimu wake, yeye cheti chake ni cha kuombea kazi. Shida ya mfongo ni mteremko, ukizidi maji yanakula udongo na kingo zinabomoka, ukipungua tope linatuama mnabaki kuzoa kila wiki, na sisi wetu ulikuwa na magonjwa yote mawili. Akaja na mpira mwembamba wa plastiki unaoona ndani, urefu kama mita 20, akaujaza maji, kijana mmoja ashike ncha hii mwingine ile, maji yakitulia pande zote mbili ndio usawa wako huo, kisha unapima umeshuka kiasi gani. Mafundi ujenzi wanaujua huo mpira. Ila yeye kabla ya kusoma chochote anaupitishia macho mpira mzima kutafuta povu la hewa, akiliona anaugonga kwa kucha, tik tik tik, mpaka povu lipande litoke juu, maana povu likibaki mle usawa unakudanganya. Tulimcheka sana kwa hizo kucha zake. Msaragambo ule, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, ulichukua Jumamosi nyingi, sizikumbuki idadi, lakini mfongo ukashika.

Halafu kuna ile habari ya kalavati. Mkandarasi mmoja alikuja kutengeneza barabara yetu akaweka kalavati la milimita 600 pale korongoni, Injinia akasema hapa panataka 900, akaandika barua, haikujibiwa, akaandika nyingine. Kwenye mkutano wa kitongoji mtu mmoja akasimama akamwambia mzee unatusumbua, tofauti ni mara moja na nusu tu. Hakubishana. Akaomba mama mwenye nyumba mifuniko miwili ya sufuria, mmoja wa sentimita 20 mwingine wa 30, na maharage, akaanza kuyatandaza mbele ya watu na kikombe cha kahawa, polepole kama anapanga bao. Mdogo ukajaa kwa vikombe viwili. Mkubwa ukameza vinne na nusu. Kimya! Yaani ukiongeza upana mara moja na nusu mdomo unaongezeka zaidi ya mara mbili, na mimi nimesoma hesabu mpaka fomu foo sikuwahi kuiona hivyo. Kalavati halikubadilishwa, masika ya pili yakalibeba na kipande cha barabara juu yake. Yeye hakusema niliwaambia, alikuja na koleo.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, ukichelewa msaragambo dakika tano anakutangaza mbele za watu, na mimi mwenyewe aliwahi kuning'olea bomba nililojiungia usiku kwenye laini kubwa bila kuuliza, akaja asubuhi na spana, akang'oa, akaziba, akaniachia vifaa vyangu mlangoni vimefutwa vizuri. Tulinuniana miezi mitatu. Mke wangu ndiye aliyempelekea jani la sale kuniombea msamaha, mimi kiburi kilikuwa kimenikaba.

Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019 tulienda naye stesheni. Watu wote wanapiga picha za mabehewa, yeye kainama anaangalia reli, anawaelekeza vitoto viwili kwamba toka chuma hiki mpaka kile ni mita moja kamili, Wajerumani walipofika Moshi na hii reli 1911 ilikuwa hivyo na leo ni hivyo, na ile mpya ya kisasa ni milimita 1435. Kitoto kimoja kikalala kujipima. Akacheka mpaka akatoa machozi, na nadhani hayakuwa ya kicheko peke yake.

Ndugu Mhariri, familia siilaumu, msiba una haraka zake na mwandishi wa wasifu alikuwa kijana wa Dar. Nilitaka tu hii nusu nyingine iandikwe mahali.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na msaragambo wa kwanza bila yeye, kingo zimeliwa pale kwenye kona. Mpira tuliupata, ulikuwa umening'inizwa jikoni kwake. Tukaujaza, tukapima, namba hazikubali, tukapima tena, watu wakaanza kurushiana maneno nani ameshika vibaya. Kijana mmoja wa fomu tuu ambaye siku zote hasemi akaukamata mpira katikati, akaunyanyua juani, akaanza kuugonga kwa kucha.

Mkazi wa Uru,
Moshi